Mahkama za kimataifa: na sisi Zanzibar tuna milango ya kuifungua

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Tangu vita vya Kivu, mashariki ya Kongo, vipambe moto, na khasa baada ya wakuu wa Afrika Mashariki na SADC kukutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, mabaraza mengi hapa Unguja yamekuwa na swali moja: Kongo na Rwanda wakipelekana mahkamani, Tanzania isimame wapi? Swali lina uzito, maana mahkama yenyewe iko kwetu. Juni 2025 Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ina mamlaka ya kulisikiliza shauri la Kongo dhidi ya Rwanda.

Jawabu tunalolisikia sana ni kwamba tunyamaze, tusije tukamuudhi jirani. Sisi tunaoshughulika na kesi za jinai Unguja na Pemba tunaliona jawabu hilo ni la hatari. Serikali haishirikiani na mahkama ya kimataifa kwa hotuba. Inashirikiana kwa hati iliyopokelewa na kuandikwa saa na tarehe, kwa hakimu anayejua mipaka ya kazi yake, kwa mkalimani aliyeitwa mapema, kwa shahidi aliyepata karatasi ya safari. Mambo haya yakipangwa wakati wa utulivu, hakuna jirani atakayesema amelengwa yeye. Yakiachwa mpaka fitina iingie, kila muhuri utasomwa kuwa ni siasa.

Mfano mkubwa tunao wenyewe. Mahkama ya Kimataifa ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, ikawekwa Arusha, na ikafanya kazi mpaka 31 Disemba 2015. Watu 93 walishitakiwa. Wengi wanakumbuka hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998, ya kwanza duniani ambapo mahkama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Wachache wanakumbuka kesi iliyokaribia kuivunja mahkama ile, nayo haikuvunjika kwa ushahidi. Ilitaka kuvunjika kwa hesabu ya siku.

Jean-Bosco Barayagwiza alihusika na RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Alikamatwa Cameroon tarehe 15 Aprili 1996. Mara alishikiliwa kwa maombi ya nchi moja, mara kwa maombi ya mahkama, mara kwa maombi ya nchi nyengine, hata ikawa tabu kujua leo yumo ndani kwa amri ya nani. Alifikishwa Arusha tarehe 19 Novemba 1997, na mbele ya majaji hakusimamishwa mpaka 23 Februari 1998. Hizo peke yake ni siku 96. Tarehe 3 Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru aachiwe, kwa sababu haki zake zilivunjwa kupita kiasi. Kigali iliwaka. Rwanda ilisimamisha ushirikiano na kumnyima viza mwendesha mashtaka mkuu, Carla Del Ponte. Machi 31, 2000 majaji walirejea uamuzi wao baada ya kuletewa maelezo mapya: kesi iendelee, lakini akipatikana na hatia adhabu ipunguzwe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003, akapewa miaka 35 badala ya kifungo cha maisha.

Tumelieleza kwa urefu kwa sababu wasomaji wengi hudhani mahkama hizi huyumbishwa na marais tu. Hapo ilianza siku isiyoandikwa, na siasa ikaja juu yake.

Upande wa mashahidi hali ilikuwa hivyo hivyo. Juni 2002, wakati ofisi ya Del Ponte ikiwachunguza pia askari wa RPF, chama kilichoshika serikali ya Rwanda, Rwanda iliweka masharti mapya ya karatasi kwa mashahidi wanaosafiri kwenda Arusha. Hakuna aliyetangaza kwamba ushirikiano umekatwa. Mashahidi walikosa karatasi tu, vyumba vya mahkama vikakaa bila ya mtu wa kuhojiwa, kesi zikaahirishwa. Rais wa mahkama, Navanethem Pillay, alilazimika kupeleka malalamiko Baraza la Usalama. Kwa hiyo ukitaka kujua kama nchi inashirikiana, acha kusikiliza msemaji wake, nenda kaangalie dirisha la hati za safari.

Lakini mlango unaweza kufunguka pia. Kenya awali iligoma hadharani kuwapokea wachunguzi, kisha tarehe 18 Julai 1997 polisi wake wakawakamata Nairobi watuhumiwa wakubwa, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, Jean Kambanda, na kuwapeleka Arusha. Na mwaka 2013, ambapo Dodoma na Kigali zilikuwa hazitazamani vizuri kwa sababu ya kikosi chetu kilichokwenda Kongo na kwa ushauri wa Rais Kikwete kwamba Rwanda izungumze na FDLR, waasi wake walioko Kongo, mahkama ya Arusha iliendelea na rufaa zake, na Julai mwaka huo huo Bernard Munyagishari alikabidhiwa Rwanda akahukumiwe huko. Uhusiano ulikuwa mbaya na kazi ikaenda, kwani njia yake ilikuwa imeshachongwa.

Sasa tuje kwetu. Watuhumiwa wote wa mahkama ya Rwanda wameshapatikana au kuthibitishwa kufa. Orodha ilifungwa Mei 2024. Hata hivyo Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Roma, uliounda Mahkama ya Kimataifa ya Jinai, tangu 2002, na Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa mahkama hiyo alitangaza kuanza tena uchunguzi wa Kongo kwa kuilenga Kivu ya Kaskazini. Kutoka Kivu mpaka Kigoma ni ziwa tu, na kutoka Dar es Salaam mpaka bandari ya Malindi, Unguja, ni boti ya saa mbili. Anayekimbia ataweza kuja. Na wanaomkimbia yeye pia wataweza kuja.

Akipatikana hapa, nani afanye nini? Mambo ya nje, polisi, uhamiaji na uraia ni ya Muungano. Mahkama Kuu ya Zanzibar, mahakimu wetu, Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, usajili wa ardhi, wa vizazi na wa biashara si ya Muungano. Waraka utaingia kwa upande mmoja na kutekelezwa na upande mwengine. Halafu kuna kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984: sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar mpaka iwe ya jambo la Muungano na iwe imewasilishwa na Waziri anayehusika mbele ya Baraza la Wawakilishi. Wakili yeyote mzuri ataanzia hapo. Ataomba aoneshwe tarehe sheria ilipowasilishwa Chukwani, kwenye Baraza hilo, na isipooneshwa mteja wake atatoka siku hiyo hiyo, hata awe ameua kijiji.

Msidhani tunatia chumvi. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana alikamatwa Texas mwaka 1996 kwa ombi la mahkama ya Arusha. Disemba 1997 hakimu wa huko akakataa kumkabidhi kwa hoja ya msingi wa kisheria, na hakufika Arusha mpaka Machi 2000. Afrika Kusini ilijulishwa mwaka 2018 kwamba Fulgence Kayishema yumo nchini mwake. Kwanza ikasema ana hadhi ya ukimbizi, kisha ikasema haina sheria ya kuitekelezea hati ile. Alikamatwa Paarl, katika shamba la zabibu, Mei 2023. Miaka mitano ilipotea, na watu waliofiwa wanasubiri.

Wala njia ya mkato haisaidii. Oktoba 1999 Mzanzibari aliyetuhumiwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam alikabidhiwa kwa Wamarekani Cape Town bila ya kupitishwa mahkamani. Mei 2001 Mahkama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kitendo kile kilikuwa kinyume na sheria. Hukumu ya namna hiyo ni aibu kwa serikali, na ni zawadi kwa upande wa utetezi.

Tunachopendekeza ni hiki. Sheria ya ushirikiano iandikwe, au iliyopo irekebishwe, itaje Zanzibar kwa jina na iwasilishwe Baraza la Wawakilishi kama kifungu cha 132 kinavyotaka. Ibara ya 88 ya Mkataba wa Roma inaidai kila nchi iwe na utaratibu huo. Pawe na dawati moja la kupokea, na pacha wake katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka hapa. Ombi likiingia, karani aandike saa, kisha aangalie kama yamo haya: majina yote na tahajia zake zote (jina la Kinyarwanda likipita kwenye Kifaransa, kisha kwenye Kiingereza, hufika limebadilika herufi mbili tatu), picha au alama za mwili, nakala ya hati ya kukamata, na maelezo ya mahali anapodhaniwa yupo. Kikipungua kitu, barua ya kuomba nyongeza itoke siku ile ile. Isingojwe wiki.

Hakimu naye ajue anachoulizwa. Ibara ya 59 ya mkataba huo inampa mambo matatu: hati inamhusu mtu huyu, amekamatwa kwa utaratibu, na haki zake zimeheshimiwa. Kuamua kama hati ilitolewa kwa haki si kazi yake. Na hatia ndiyo kabisa. Hapa ndipo mahakimu na mawakili huchanganya kukabidhi mtu kwa mahkama ya kimataifa na kumrudisha mtuhumiwa kwa nchi nyengine. La pili lina vizuizi vya kawaida, kama kosa la kisiasa au, katika baadhi ya nchi, kuwa raia wa nchi inayoombwa. La kwanza ni jambo mbali, na ibara ya 102 imelitenga kwa makusudi.

Akikamatwa kwa dharura kabla ya karatasi kamili kufika, saa imeanza kupiga. Kanuni za Mahkama ya Kimataifa ya Jinai zinatoa siku 60 karatasi hizo zifike. Daftari liandike siku ya kwanza ni ipi, na mtu mmoja mwenye jina awe na dhamana ya kupiga simu siku ya 30, ya 45 na ya 55. Mtuhumiwa apimwe na daktari anapoingia na anapotoka, vitu vyake viorodheshwe, na wote wawili, anayekabidhi na anayepokea, watie saini pamoja na saa.

Lugha ni jambo ambalo tunaogopa litadharauliwa. Katika hukumu ya Akayesu majaji walilazimika kueleza kwamba mashahidi walitumia maneno manne ya Kinyarwanda kwa kosa la ubakaji, likiwemo kuryamana na gufata ku ngufu. Mswahili akiyasikia atayafahamu nusu, na atadhani ameyafahamu yote. La kwanza kwa sikio letu ni kulala na mtu, la pili ni kushika kwa nguvu. Majaji walikubali kwamba, kwa namna mashahidi walivyoyatumia, yote yalikuwa na maana ya ubakaji. Polisi wa Wete akimkalimania mtu kwa kubahatisha, kesi imeharibika kabla ya kufika Malindi. Iandaliwe sasa orodha ya wakalimani wa Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo, walioapishwa.

Na shahidi aliyejificha hapa asipitishwe kwa barua ya sheha kama mtu anayeomba kitambulisho. Visiwa vyetu ni vidogo. Barua ikisomwa shehiani asubuhi, jioni mtaa mzima unajua. Atajwe kwa herufi, kama Arusha ilivyofanya, na jina lake liwe katika bahasha moja kwa mtu mmoja.

Lipo pia la wanaoshinda kesi. André Ntagerura aliachiwa huru mwaka 2004, rufaa ikathibitisha 2006, akabaki Arusha akikosa nchi ya kumpokea. Disemba 2021 yeye na wenzake saba walipelekwa Niger, na kabla ya mwezi kwisha Niger ikawaamuru waondoke. Nchi mwenyeji ikishirikiana katika kumleta mtu, iandikiane mapema na mahkama akiachiwa atakwenda wapi, kwa karatasi gani, na kwa gharama ya nani. Mtu aliyesafishwa na majaji naye ana haki ya nyumba.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaweza kuanza na swali moja tu katika kikao kijacho: katika sheria zote za Bunge zinazohusu kukabidhi watuhumiwa na kusaidiana katika jinai, zipi zimewasilishwa mbele yao, na tarehe gani?

Sisi wanasheria wa jinai,
Unguja na Pemba