Ameliomba kanisa msamaha, mimi bado

Shangazi,

Bwana asifiwe. Ninakuandikia saa tisa za usiku, na huu ni usiku wa tatu sijapata usingizi. Mume wangu amelala, na siku hizi analala vizuri, usingizi wa mtu aliyetuliwa mzigo, nami sisemi hili kwa wivu, kwa sababu ni mimi niliyefunga na kuomba miaka yote ile, nikapanda Mlima Menengai pamoja na akina mama wa maombi ili Mungu amtoe katika pombe ya chang'aa. Mungu alimtoa. Sitaki mtu yeyote aseme kwamba sishukuru.

Jambo lenyewe ni ule ushuhuda. Unajua jinsi unavyotolewa katika makanisa yetu hapa Nakuru: kadiri shimo ulilotolewa lilivyokuwa refu, ndivyo makofi yanavyozidi. Kila anapopewa kipaza sauti husimulia jinsi alivyonivunja mkono wa kushoto na jinsi alivyouza cherehani yangu ili anywe, na waumini husimama wakasema haleluya, kisha wengine hugeuka kunitazama nilipoketi, nami hutabasamu kwa sababu sijui uso niupeleke wapi. Amewaomba msamaha wazee wa kanisa, akamwomba mama yake, akamwomba hata mwenye duka aliyekuwa akimdai. Mimi hajaniambia "nisamehe" tukiwa wawili, ndani ya nyumba yetu, hata siku moja, tangu aokoke mwaka 2021.

Labda utasema kwamba ananiomba kwa matendo. Ni kweli ananunua unga, analipa karo, na hajaninyanyulia mkono tena. Lakini mfupa haukuunga sawasawa, na baridi ya Julai inapoingia unaniuma hadi siwezi kukamua nguo. Yeye huniona nikiukanda kwa mafuta, akageukia upande wa pili na kufungua Biblia. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ambayo daktari aliijaza wakati ule, sikuirudisha kituoni, kwa kuwa mama mkwe alinisihi nisimfunge mwanawe, na hadi leo iko sandukuni chini ya leso zangu. Siiweki kwa ubaya, wala sina nia ya kumshtaki. Pengine ninaiweka kwa sababu ndiyo karatasi pekee inayoonyesha kwamba jambo hilo lilinipata mimi.

Bibi yangu aliyenilea huko Maseno alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu Nyanza. Wao walikuwa na neno "matengenezo". Mtu akiokoka hakuishia kuungama mbele ya ndugu. Alirudi kwa yule aliyemkosea, akapiga hodi, akarudisha jembe aliloiba au akalipa kuku aliyemla. Bibi mwenyewe alitembea nusu siku kurudisha kitambaa ambacho mwenye nacho alikuwa amekwisha kukisahau. Nimekua nikiamini kwamba huo ndio wokovu, kama Zakayo aliyesema kwamba yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mimi sidai mara nne, Shangazi, na cherehani siitaki. Niliinunua kwa zamu yangu ya chama cha kuchangiana fedha mwaka 2014, ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao, na juzi nilipoiona moja kama hiyo karibu na soko niliuliza bei, lakini nilikuwa ninauliza tu.

Nilipomweleza mchungaji, aliniambia kwamba nina roho ya uchungu, na kwamba Yesu alituagiza tusamehe saba mara sabini. Aliniwekea mikono, nikaombewa, nikaanguka pamoja na wengine, nikainuka na uchungu wangu vilevile. Sikuthubutu kumjibu kwamba Yesu huyo huyo, katika Mathayo sura ya 5, alimwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Je, mimi si ndugu? Mchungaji ni mtu mwema, na simlaumu.

Sasa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu anasimikwa kuwa shemasi, na nimeambiwa kwamba nitasimama kando yake, nipewe kipaza sauti, niseme mbele ya watu wote kwamba nilikwisha kumsamehe na kwamba Bwana ameiponya ndoa yetu. Maneno nimekwisha kuandikiwa. Nisiposimama, watasema mke ndiye anayemrudisha nyuma; na nikiyasema hali moyoni hayamo, je, sitakuwa nimemwambia uongo Roho Mtakatifu kama Anania na Safira? Tena ninaogopa kwamba nikimweleza ukweli atavunjika moyo, arudie chupa, na lawama iwe yangu.

Sitaki aache kushuhudia. Vijana wawili wa hapa Kaptembwo wameacha pombe kwa kumsikia yeye. Ila ningetamani Jumapili moja tu asimame asiutaje mkono wangu. Ni mkono wangu, na hajawahi kuniuliza kama bado unauma.

Saa kumi ataamka kuomba. Hupiga magoti upande wake wa kitanda, nami hujifanya nimelala, naye huomba kwa sauti ya chini akinitaja kwa jina, akimshukuru Mungu kwa ajili yangu, na mara nyingine hulia. Nimefikiria mara nyingi kufumbua macho nimwulize mbona hayo yote anamwambia Mungu ilhali mimi niko hapa karibu naye. Je, nimwulize, au niendelee kungoja hadi Mungu mwenyewe amfunulie? Tafadhali nijibu kabla ya Jumapili hiyo, na jina langu usilichapishe, kwa maana akina dada wa kanisani hukusoma.

Dada yako katika Kristo,
Nakuru