Mama, mimi si Windbeutel

Leipzig, Jumapili usiku

Mama, shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma.

Zuhura kanieleza yote ya kikao. Kwamba Mjomba Hamadi alisimama mbele ya watu akasema ahadi zangu ni upepo mtupu. Neno hilo limeniuma, Mama, kwa sababu huku lina jina, na chenye jina hilo nakitengeneza kwa mikono yangu kila alfajiri.

Wajerumani wana kitafunwa kitamu kinaitwa Windbeutel. Wind ni upepo, Beutel ni mfuko. Kwa nje kimevimba, kina rangi ya dhahabu. Ukikipasua ndani ni uwazi, mpaka wewe ukijaze krimu. Basi mtu wa maneno mengi asiyetegemeka, wazee wa huku humwita Windbeutel. Vijana hawalitumii sana. Mimi nililisikia kwa bibi mmoja, mteja wetu, akimsema mkwewe, na siku ile nilicheka. Alhamisi, baada ya kumsikiliza Zuhura, nililia.

Lakini Mjomba angeona kinavyopikwa! Maji na siagi vinachemshwa, unga unamwagwa wote kwa mara moja, halafu unausonga motoni kama ugali mpaka ushikamane na kuachana na sufuria. Ukipoa kidogo unatia mayai, moja baada ya jingine. Hamira haimo. Kinachokiinua ni mvuke wa maji yaliyomo humo humo ndani. Na ukifungua oveni kabla ya wakati, vyote vinanywea, huvirudishi tena.

Kwenye mtihani wa mwisho nilitoa 24, mafundi wakavikagua kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichonywea. Miaka 3, Mama! Sasa nina cheti cha fundi wa keki, na fundi mkuu wetu, ambaye hasifu mtu, siku hizi ananiachia mimi kazi hiyo peke yangu.

Kuhusu harusi ya Mwanaidi, sikuahidi. Nilisema nikipata likizo. Mjomba alikuwepo, alisikia. Mchango nilituma, na waliopokea wanajijua.

Hela ya paa nimetuma nusu jana. Nusu nyingine mwisho wa mwezi huu, mshahara wa fundi ukiingia. Malipo ya mwanafunzi yalikuwa madogo na baridi ilikuwa na mambo yake, hayo tuyaache. Mwambie Mjomba asifungue oveni mapema.

Saa kumi alfajiri siagi ikianza kunukia, nakuona wewe umeinama unapuliza jiko, na mimi nimejikunyata pembeni nasubiri cha kwanza kitoke. Hapa cha kwanza wanakula watu nisiowajua.

Niambie mguu wa Bibi unaendeleaje. Na mabati fundi kasema geji ngapi, 28 au 30? Nijibu kabla ya Ijumaa nipige hesabu.

Mwanao,
Rehema