Kwa Waziri wa Nishati: gesi tutapikia, tutaota nini?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MOTO WA KUOTA KWA WANANCHI WA NYANDA ZA BARIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makete, mkoani Njombe. Nimezaliwa Kilwa. Nilipopangiwa kituo huku nilikuja na begi moja, mashuka mawili na chupa ya mafuta ya nazi aliyonifungia mama. Chupa ile iliganda mwezi wa tano ulipoanza, na haikuyeyuka mpaka Septemba. Mpaka leo, kila kipupwe, naitia kwapani nikiwa bado kitandani ili nipate tone la kupaka usoni kabla ya kwenda kazini. Walimu wenyeji walinicheka sana. Halafu mmoja akanigawia koti lake la mtumba lenye manyoya ndani, nikajua nimepokewa.

Kwetu pwani kipupwe ni upepo mzuri wa jioni, watu wanatoa mikeka barazani. Huku ni miezi mitatu, Juni hadi Agosti, ambayo watu wanaipitia kama mgonjwa anavyopitia usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka, mikoa ya nyanda za juu kusini haikosi kutajwa. Ukipanda uwanda wa Kitulo, mita zaidi ya 2,600 juu ya bahari, asubuhi nyingine unakuta majani ya viazi yameanguka meusi kana kwamba mtu amepita usiku akiyamwagia maji ya moto. Wakulima wanasema viazi vimeungua na barafu. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, barafu itaunguzaje? Inaunguza.

Lakini sikuandikii habari za viazi, Mheshimiwa. Nakuandikia habari za karai la mkaa.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Wiki iliyofuata alikuwa Paris kwenye mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, akiwa mmoja wa wenyeviti wenza. Mimi naunga mkono, tena si kwa kupiga makofi tu. Nimeshawaona wanafunzi wangu wakifika darasani macho mekundu kwa moshi, na wengine wamechelewa kwa sababu ya kuni. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imeshafika hapa kijijini, na kina mama wanaitumia. Chai ya asubuhi inachemka upesi, mtoto anawahi shule.

Sasa njoo jioni. Saa kumi na mbili na nusu ugali umeiva kwenye gesi, watu wamekula, gesi imezimwa. Nyumba ni baridi. Zamani ugali ulipikwa kwa kuni au mkaa, na jiko lilelile lililopika ndilo watu waliloota mpaka wakaenda kulala. Kazi zilikuwa mbili, moto mmoja. Gesi imechukua kazi ya kwanza ikaiacha ya pili, na hakuna mama atakayewasha mtungi saa tatu nzima ili watoto wanyooshee mikono, maana mtungi ule ni wa mwezi. Kwa hiyo mkaa haujatoka nyumbani. Umetoka jikoni tu, umehamia chumbani. Ukipita na dodoso ukauliza, "Mama, unapikia nini?" atakujibu gesi, nawe utaandika kaya moja imeacha mkaa.

Naomba nikueleze namna mkaa unavyowashwa, maana hatari iko katika utaratibu wenyewe. Karai, au jiko la bati, linawashwa nje. Mtu analipepea mpaka moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu wote. Hapo ndipo linaingizwa ndani, mlango unafungwa, na chini ya mlango linasukumwa gunia au shuka kuukuu kuziba upepo. Mtu anayefanya hivyo si mzembe. Ameonywa tangu utotoni kwamba moshi unaua, na yeye amehakikisha moshi umekwisha. Kinachobaki hakionekani. Ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo. Mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa ya kutosha unaitoa kwa wingi, na ule mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya zaidi. Darasani nawaeleza watoto kwamba damu ni daladala inayobeba oksijeni. Hewa hii inadandia na kukalia viti, tena inavishika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, haishuki kituo chochote. Oksijeni inabaki inasimama stendi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Kama tayari amelala, hatua zote hizo zinampita bila habari.

Na kuna jambo limezidisha hatari, nalo limekuja na maendeleo yetu wenyewe. Nyumba za zamani za udongo na nyasi zilikuwa na mianya kila mahali, moshi ulikuwa unatokea darini. Leo watu wamejenga kwa tofali la kuchoma, bati, dari ya mbao au jipsamu, madirisha ya alumini yenye vioo vinavyoziba barabara. Nyumba imekuwa nzuri na imezibwa. Karai ni lilelile la bibi.

Julai ya mwaka juzi, usiku wa saa tano kasoro, nilisikia kitu kimegonga mlango wa jirani yangu kwa ndani. Mlio mmoja tu, kama mtu ameangusha debe. Jirani huyo ni mama mjane, anaishi na watoto watatu, na binti yake mkubwa alikuwa darasa langu la tano. Nikaita kwa nje, "Hodi! Mama, kwema?" Kimya. Nikaita tena. Nilipousukuma mlango ukagoma, kuna kizito nyuma yake. Kizito kile kilikuwa huyo binti. Alikuwa ameamka kutaka kutapika, akafika mlangoni, miguu ikamwisha nguvu. Chumbani karai lilikuwa kati ya vitanda viwili, mkaa mwekundu mzuri, hakuna hata uzi wa moshi, na joto tamu ambalo, nakiri Mheshimiwa, sekunde ya kwanza lilinifanya nitamani kukaa. Tuliwavuta mmoja mmoja mpaka uani kwenye umande, majirani wakaja na mablanketi. Mdogo wa kiume ndiye alichelewa kuamka. Bodaboda ilimpeleka hospitali akiwa katikati ya dereva na mama yake, akawekewa oksijeni mpaka mchana wa siku ya pili. Wote wanne wako hai.

Kesho yake kijijini kulikuwa na maelezo matatu. Jinamizi. Chakula kibaya. Na la tatu sitaliandika, maana linamhusu bibi mmoja jirani ambaye hana kosa lolote zaidi ya uzee. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikieleza kwamba watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa usiku mmoja, na kichwa kikapoa wakitoka nje, hiyo si malaria na si mtu. Nimewaeleza, wameitikia, na wiki iliyofuata makarai yaliwashwa. Wangefanya nini? Baridi haielimishwi.

Kila kipupwe tunasikia habari za familia zilizokutwa zimekufa na jiko chumbani, hapa kwetu na hata kwa jirani zetu Kenya, upande wa Limuru na Nyandarua. Kila mara polisi wanatoa onyo lilelile, wananchi waache kulala na jiko la mkaa. Onyo ni sahihi. Halisemi walale na nini.

Umeme upo. Nguzo zimefika, na nashukuru kwamba kuunganishiwa kijijini kulishushwa hadi shilingi 27,000, fedha ambayo mtu anaweza kuipata akiuza viazi. Naomba basi tufanye hesabu pamoja, nitaifanya kama ya ubaoni. Mteja mdogo wa nyumbani anayetumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi ananunua yuniti kwa takriban shilingi 122, kodi ikiwa ndani. Jirani yangu anatumia kama 30, taa na simu na redio, inamtoka 3,660. Sasa anunue hita ndogo ya wati 1,000 na aiwashe saa nne tu kila usiku. Hizo ni yuniti 4 kwa usiku, 120 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile 30, ni 150. Ameshavuka 75, na akiendelea kuvuka anahamishwa kundi, yuniti inakuwa takriban shilingi 356. Mwezi wa Julai utamgharimu 53,400, mara zaidi ya 14 ya alichokuwa akilipa. Na akishahamishwa, huenda Novemba ikamkuta bado analipa bei ya juu kwa ajili ya baridi iliyokwisha. Atarudi kwenye karai, na mimi sitamlaumu.

Kikomo cha yuniti 75 kinafaa kwa mtu wa Kilwa. Mama yangu hajui hita ni nini, feni yake ni mlango wa nyuma. Lakini kikomo hichohicho kinatumika Makete mwezi wa saba. Ombi langu la kwanza ni kwamba Wizara yako ikae na EWURA, wanaodhibiti bei za nishati, na TANESCO, shirika letu la umeme, waangalie kikomo cha msimu, kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, katika kata za baridi kali, mteja mdogo aruhusiwe hadi yuniti 200 bila kuhamishwa kundi. Nchi ambayo imemaliza Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 na megawati 2,115, haiwezi kushindwa na yuniti 4 za mjane kwa usiku.

Najua utaniambia laini zetu za vijijini zinakatika, na kweli zinakatika, hasa upepo ukiangusha miti ya milingoti. Ndiyo maana ombi la pili nalipenda zaidi. Tembelea nyumba za zamani za mashamba ya chai hapa Njombe. Utakuta sebuleni mahali pa moto, na juu yake dohani iliyojengwa kwa tofali mpaka nje ya paa. Waliozijenga walijua baridi, wakajua kwamba moto wa ndani lazima uwe na njia yake ya kutokea. Kisha tembelea nyumba yangu ya mwalimu. Ramani yake naifahamu, niliwahi kuiona Lindi nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo: matundu ya hewa juu ya madirisha, sakafu ya saruji, hakuna dohani. Lindi ni nyumba nzuri sana. Huku matundu yale nimeyaziba mwenyewe kwa magazeti na unga wa ngano, mimi ninayefundisha watoto wasizibe.

Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na bomba linalotoa moshi nje kupitia ukutani, si maajabu. Mafundi wa kuchomelea wa Njombe na Makambako wanalitengeneza ukiwaonyesha mfano, nimeshamwona mmoja akitumia pipa na bomba la bati. Na kuni zake zipo bila kugusa msitu wa asili. Mkoa huu ni wa misindano, milingoti na miwati ya kupandwa. Pita penye mashine yoyote ya kupasulia mbao uone mabanzi na maranda yanavyorundikwa, mengine yanachomwa hapohapo ili kupisha nafasi. Tunateketeza joto mchana peupe, usiku tunanunua mkaa. Ruzuku iliyoushusha mtungi wa gesi kwa mwananchi ingeweza kulishusha jiko hili pia, na vyuo vya ufundi vya VETA vingeweza kulifundisha. Sisemi ni nishati safi kama gesi. Nasema bomba liko nje na watoto wako ndani.

Vile ving'ora vidogo vinavyolia hewa hii ikizidi chumbani sijaviona katika duka lolote la Njombe. Vikipatikana, hata viwili kwa kila bweni la shule, nitashukuru.

Jirani yangu bado anaota karai. Tulikubaliana aache dirisha wazi kidogo kila usiku, na ili lisijifunge tumebana gunzi la hindi kati ya fremu na kioo. Baridi inaingia hapohapo, na mara nyingine watoto wanaamka usiku kulitoa. Kila asubuhi nikielekea shuleni napita upande ule kuangalia kama gunzi lipo. Jana halikuwepo. Niligonga mpaka mama akafungua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Makete, Njombe.