Mwanangu, kidonge cha kupewa usimeze

Baba angu, najua ukiona meseji ndefu unaruka mpaka mwisho, hii usiruke. Nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, sijalala, na wewe Alhamisi unaondoka kwenda Houston, nikisema nisubiri tukae tuongee utakuwa umeziba masikio na hizo hedifoni.

Yule kijana tuliyemzika mwezi uliopita, mama yake anasema hakuwa mtumiaji. Alikuwa hapati usingizi, ana mitihani, rafiki akampa kidonge akamwambia ni Xanax, ile dawa ya kutuliza wasiwasi. Haikuwa Xanax. Siku hizi wanavitengeneza wenyewe, muhuri uleule, rangi ileile, kwa macho huwezi kutofautisha, ndani wametia fentanili, dawa kali mno ya maumivu. Miligramu 2 tu zinaweza kuua mtu, na wanaochanganya hawapimi vizuri, kimoja kinaweza kisiwe na kitu na cha pembeni yake kimejaa. Kwa hiyo kidonge ambacho hakikutoka duka la dawa kwenye kichupa chenye jina LAKO usimeze. Hata nusu. Hata kama mwenzako kameza mbele yako na kabaki mzima.

Na bangi usidhani sijui, hivi nguo zako anafua nani? Unaniambia hapa Ohio ni halali. Halali kuanzia miaka 21, ndivyo walivyopiga kura 2023, wewe una 19. Na Texas unakokwenda siyo Ohio. Halafu serikali kuu bado inahesabu ni kosa, na wewe una grini kadi tu, siku ya intavyuu ya uraia ukikiri ulivuta wanaweza kukunyima hata kama hukukamatwa. Wenzako weupe watavutia dirishani na kesho wako darasani kama kawaida. ACLU, wale wanaotetea haki za raia, walitoa ripoti 2020, weusi na weupe wanavuta karibu sawa lakini mweusi anakamatwa mara 3.6 zaidi. Sasa mko gari moja, polisi kasimamisha, unadhani ataanza na nani?

Ni uonevu, sibishi.

Ila kuna kitu baba yako kaniambia nisikuulize, mimi nauliza. Ulianza lini? Maana nikihesabu naona ni baada ya yale ya dukani, walivyokufuata mpaka mlangoni wakakufungulisha begi mbele za watu. Ulirudi hukula. Nikakwambia achana nao, sisi tumekuja kusoma na kufanya kazi. Kwetu Tanga ukinuna unaambiwa nenda kaoge. Kumbe hukuachana nao, uliingia nao chumbani ukajifungia, na mimi usiku niko kazini nageuza wazee wa watu vitandani. Basi.

Sasa hivi simu naweka mfukoni, piga hata saa tisa usiku. Kama siyo mimi, dada yako. Kama hutaki hata mmoja wetu, piga 988, ile namba ya msaada kwa waliolemewa moyoni, au tuma meseji namba hiyohiyo, usiku na mchana, na usianze kusema hayo mambo ni ya wazungu. Chuoni pia kuna washauri, ulizia kama yupo mweusi, angalau usianze kumweleza mtu kwa nini kufuatwa dukani kunauma.

Narcan ipo mfuko wa mbele wa begi jeusi, ile dawa ya kupuliza puani ya kumwamsha aliyezidiwa na vitu kama fentanili, inauzwa bila cheti cha daktari. Siyo kwamba nakushuku. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi, puliza, piga 911, mlaze ubavu, usimwache eti unaogopa polisi. Na usiiache kwenye gari, joto la Houston litaiharibu. Ila kidonge narudia, usimeze, hata kichwa kikiuma nenda kanunue mwenyewe.

Barua yako ya skolashipu nimeipeleka kazini, hata yule nesi mkuu asiyenisalimia kaisoma mpaka chini. Ungekuwa na bidii hivyo kwenye kuosha vyombo.

Bibi anataka picha, siyo ile ya kofia. Sufuria dogo chukua, kubwa liache ni la shughuli. Viungo vya pilau nimekufungia, usimpe kila mtu. Gari kabadilishe oili kabla ya safari, na bima wanakata tarehe 5, weka hela mapema maana mwezi uliopita walinikata mimi na hujanirudishia.

Mama