Barua kwa somo yangu kuhusu jina la zamani

Mombasa
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe, mama na watoto. Sisi huku hatujambo. Joto limezidi, umeme unakatika kila magharibi, na barua hii naiandikia barazani kabla giza halijaingia.

Barua yako niliipata Jumatano na nimeisoma mara tatu. Una haki ya kukasirika. Uliniletea makala yako kuhusu Jan Morris, yule mwandishi wa Uingereza aliyebadili jinsia akiwa mtu mzima, kwa ajili ya kamusi elezo yetu, nami nikakurudishia imejaa wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza, bila neno hata moja la maelezo. Mimi nisingependa kufanyiwa hivyo. Niwie radhi, somo. Maelezo niliyopaswa kuyaambatanisha ndiyo haya.

Ulianza hivi: "James Morris, jina lake halisi, ambaye baadaye alijiita Jan..." Nilipofika hapo mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu. Wala si kwa sababu ya James. Ni kwa sababu ya "halisi" na "alijiita". Wewe ni mtu wa lugha, unajua kwetu anayejiita daktari ni yule tunayemshuku, na anayejiita sharifu ni yule ambaye nasaba yake haijulikani. Ukiandika kwamba mtu alijiita Jan, umeshamnong'oneza msomaji asiamini. Ukisema jina halisi ni lile la kuzaliwa, umekata kesi kabla mwenyewe hajasikilizwa. Huyu alizaliwa 1926 akafariki 2020, na karibu nusu ya umri huo aliuishi kwa jina la Jan.

Umeniuliza: je, kuliondoa jina la James si kufuta historia? Mtu akiokota kitabu cha zamani chenye jina hilo jaladani, atajuaje kuwa mwandishi ni huyu huyu? Ni swali la haki. Ukiitazama tena karatasi utaona sikulifuta, nimelihamisha. Sasa liko penye habari za mlima Everest na vitabu vya mwanzo. Mwaka 1953 Morris alifuatana na msafara wa kuupanda mlima huo kama mwandishi wa gazeti la The Times, na habari aliyoituma kwamba Hillary na Tenzing wamefika kileleni iliingia London usiku wa kuamkia kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, tarehe 2 Juni. Vitabu vya miaka hiyo na ile ya 1960 vilitoka kwa jina la James Morris. Hapo basi ndipo pa kulitaja, mara moja, ili mwenye kitabu mkononi asipotee njia. Kisha tunaendelea na Jan, ambaye mwaka 1974 alitoa kitabu kuhusu maisha yake mwenyewe na kueleza bila kificho hata upasuaji aliofanyiwa Casablanca mwaka 1972. Hatumfichii asilolificha.

Uliwahi kuziona kadi zetu za zamani maktabani. James Ngugi, tazama Ngũgĩ wa Thiong'o. Hakuna aliyelalamika kuwa tumefuta historia ya riwaya zake za mwanzo. Kadi ile ilikuwa inamshika msomaji mkono na kumpeleka kwenye jina ambalo mwenyewe alilichagua. Kwa watu waliobadili jinsia sitaki zaidi ya hapo: kidahizo, yaani jina linaloongoza makala, kiwe jina ambalo mtu amelichukua na kuishi nalo, na la zamani, kama umma ulimjua kwalo, litajwe karibu na kile kitu kinacholibeba. Caitlyn Jenner, mwanariadha wa Marekani, alishinda dekathloni ya wanaume, yale mashindano ya michezo kumi, huko Montreal mwaka 1976, Olimpiki ile ambayo Kenya na Tanzania hazikushiriki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Matokeo yanasema Bruce Jenner, basi na tuliseme penye matokeo. Elliot Page, mwigizaji wa filamu wa Kanada, alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, miaka mingi kabla ya kutangaza jina lake tarehe 1 Desemba 2020. Jina la tuzo halibadiliki kwa sababu hiyo, wala halitulazimishi kumwita mwenyewe kwa jina la siku zile.

Najua hata wakubwa walivutana. Wikipedia ya Kiingereza iliuhamishia ukurasa wa Chelsea Manning, yule askari wa Marekani aliyevujisha nyaraka za siri, kwenye jina hilo siku ile ile alipolitangaza, 22 Agosti 2013, ukarudishwa kwenye jina la zamani, na Oktoba ukawekwa tena Chelsea. Waliopinga walisema magazeti bado yanaandika jina la zamani. Ni kweli yalikuwa yanaliandika. Lakini gazeti huandika la jana, na kamusi elezo husomwa miaka ishirini baadaye.

Linaloniumiza zaidi ni jina ambalo umma haukuwahi kulijua. Chukua Lynn Conway, mhandisi wa kompyuta wa Marekani. IBM ilimwachisha kazi mwaka 1968 ilipojua kuwa anabadili jinsia. Akaanza upya kwa jina jipya, kutoka chini, bila kumwambia mtu. Mwaka 1980 akatoa pamoja na Carver Mead kitabu kilichowafundisha wahandisi wengi kubuni chipu. Kazi aliyoifanya IBM katika miaka ya 1960 ikabaki yatima, maana hakuna aliyejua kuwa ni yake, hadi mwenyewe aliposema miaka thelathini hivi baadaye. IBM ilimwomba radhi mwaka 2020, naye akafariki 2024. Tazama, somo, historia yote hiyo nimekusimulia, pamoja na dhuluma yake, na jina lake la zamani sikulihitaji mahali popote.

Jambo hili wewe unalijua kwa mwili wako. Ulizaliwa ukaitwa jina jingine. Ukaugua miezi, bibi yako akasema jina limekulemea, ukapewa hili tunaloitwa sote wawili, ndiyo maana ukawa somo yangu. Nimekujua miaka thelathini na lile la kwanza sijawahi kulisikia, na sijapungukiwa na chochote katika kukujua. Mtu angeandika habari zako akaanza na jina lile, kisha akasema baadaye ulijiita hivi, ungeisoma vipi? Mama yako angeisoma vipi? Najua hali hazilingani. Wewe hukufukuzwa kazi wala kutupiwa maneno njiani kwa ajili ya jina lako. Wao wanatupiwa, na kwa hiyo nataka tuwe waangalifu zaidi kwao kuliko tunavyokuwa kwako.

Kuna jambo sijakusimulia kamwe. Zamani nikiwa kaunta katika maktaba moja, kabla hujanijua kazini, tulikuwa na orodha ya wanachama iliyonakiliwa kutoka vitambulisho. Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu. Nikasoma jina lililofuata kwenye orodha na kuliita kwa sauti. Jina la kiume, na aliyeinuka alikuwa msichana aliyevaa gauni la kijani na mtandio. Watu wakageuka. Kijana mmoja akacheka, mwingine akamwuliza kama amekuja kumchukulia kaka yake. Hakujibu. Alinitazama mimi, si wao, akachukua kitambulisho chake, akaviacha vitabu viwili juu ya meza na kutoka. Hakurudi tena. Vitabu vile nilivitia kwenye droo yangu mwezi mzima nikidhani atakuja. Sikuwa na nia mbaya, somo, nilisoma tu kilichoandikwa. Tangu siku ile ninakiogopa kilichoandikwa, na ninapokuwa mimi ndiye mwandishi nakiogopa zaidi.

Kwa hiyo uliposema tumweke Audrey Mbugua, Mkenya mwenzetu aliyebadili jinsia, katika kamusi, nilifurahi, kisha nikaona rasimu yako imetaja jina la zamani katika sentensi ya kwanza. Unaikumbuka kesi yake. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliliamuru Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya limpe cheti kipya cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kwa jina lake la Audrey, bila alama ya jinsia. Mtihani alikuwa ameufanya mwaka 2001. Jaji alieleza kwamba alama za mtihani hazitolewi kwa kufuata jinsia, basi kuiondoa hakukipunguzii cheti thamani. Magazeti yaliichapisha kesi na jina la zamani ndani yake, ndiyo, lakini kabla ya hapo hakuna msomaji aliyekuwa akimtafuta kwalo. Mwanamke amekwenda mahakamani ili jina litoke kwenye karatasi, halafu sisi tulirudishe kwenye karatasi nyingine? Nimeliondoa kabisa, na hapo sitarudi nyuma hata ukinuna.

Hoja yako ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ulisema, mbona tunaandika kuwa alizaliwa akaitwa Mtumwa, na hakuna anayeona vibaya? Kidahizo ni Siti, hapo tuko pamoja. Lile la Mtumwa tunalitaja kwa sababu lenyewe ni ushahidi wa Zanzibar aliyozaliwa ndani yake, na bila hilo msomaji haoni umbali aliousafiri. Lakini nakiri kanuni yangu inayumba hapo. Angekuwa hai, ningemwuliza kwanza.

Sasa la viwakilishi. Ulisema sisi Waswahili Mungu ametuepusha: Waingereza wana neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke, sisi tuna "yeye" na "a-" basi. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoisoma makala yako kwa kalamu mkononi. Umeandika "mwaka 1949 alimwoa Elizabeth", na aya mbili chini yake "Bi Morris". Katika Kiswahili mume huoa na mke huolewa, kitenzi chenyewe kimeshasema jinsia kabla ya kiwakilishi kuulizwa. Msomaji wa Lamu atadhani umekosea kunyambua. Nimeandika "alifunga ndoa na Elizabeth". Penye "baba wa watoto watano" nimeweka "walijaliwa watoto watano, mmoja akafariki akiwa mchanga". Habari haikupungua, na sentensi nadhani imekuwa nzuri zaidi. Sheria iliwalazimisha kutalikiana baadaye, lakini waliendelea kuishi pamoja, na mwaka 2008 wakaandikisha tena muungano wao kisheria. Hiyo hukuiandika, nami nimeiongeza, maana kwangu ndiyo habari ya mapenzi kuliko zote katika makala hiyo.

Na kuna bin na binti. Kwetu pwani jinsia imekaa katikati ya jina, kati ya mtoto na baba, na hakuna "yeye" itakayoificha. Hapo tumfuate mwenye jina anavyojiandika. Wakutubi wenzangu wa mpango wa ushirikiano wa kuorodhesha vitabu wa Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, walishauriwa mwaka 2022 waache kabisa kurekodi jinsia katika rekodi za majina ya waandishi. Mwanzoni nilishangaa. Kisha nikafikiri juu ya miaka yangu yote kaunta, ni nani aliyewahi kuja kuniomba kitabu kwa jinsia ya mwandishi.

Pale "yeye" inapotufaa kweli ni kwa marehemu asiyeacha neno. Nina makala ya Dkt. James Barry, wa jeshi la Uingereza, naomba uniandikie wewe. Aliishi kama mwanamume zaidi ya miaka hamsini, na alipofariki mwaka 1865 mwanamke aliyeulaza mwili wake alisema ulikuwa wa kike. Wanahistoria wamefuatilia utoto wake hadi kwa jina la Margaret Bulkley, na hilo lazima litajwe, kwa kuwa utafiti wote umelizunguka. Waandishi wa Kiingereza hawawezi kuandika aya moja juu yake bila kuchagua upande. Sisi tunaweza kuandika kurasa kumi tukisema yale aliyoyafanya. Kidahizo nimeweka Barry, jina alilotia sahihi maisha yake yote ya utu uzima. Mwaka 1826 kule Cape Town alimpasua mama aliyeshindwa kujifungua, mama na mtoto wakapona, jambo la nadra sana zama zile. Mtoto akaitwa James Barry Munnik. Jina likarithishwa katika jamaa hadi kwa Hertzog, yule waziri mkuu wa Afrika Kusini, ambaye majina yake ya mbele ni hayo hayo matatu. Yaani jina alilolichukua Barry mwenyewe, watu wengine walilipokea kwa shukrani na kuwapa watoto wao. Wale walikuwa somo zake, kama mimi na wewe.

Giza limeingia, nimalizie. Makala ya Morris imo ndani ya bahasha hii, safari hii wino mwekundu una maelezo pembeni. Sentensi ya kwanza nimeiacha tupu. Iandike wewe, kisha unitumie na yule mjomba wako akija na basi la Ijumaa. Mwambie mama dawa ya goti nimeipata, nitampa huyo huyo mjomba akirudi.

Wako,
Somo yako