Unaibadili baiskeli kuukuu kuwa fiksi? Usukani uwe wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wale wanaochukua baiskeli kuukuu ya mashindano, wakaivua gia zote na kuifanya fiksi, yaani baiskeli isiyo na friwili: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende. Ni kazi nzuri, na fremu nyingi za chuma zimeponea hapo badala ya kuozea stoo. Kinachonisumbua ni kwamba swali la kwanza huwa la usukani: pembe za kondoo (uliojikunja kwenda chini) au pembe za ng'ombe (wenye ncha zinazotazama mbele)? Gurudumu la nyuma ndilo la kwanza, maana huko ndiko ajali zinakoanzia.

Tazama mahali ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu. Fiksi haina ule mkono wenye springi unaovuta cheni, kwa hiyo cheni hukazwa kwa kurudisha gurudumu nyuma. Nafasi ya ekseli ikiwa imelala, kama ilivyo kwenye fremu nyingi za zamani, mambo ni mepesi. Ikiwa imesimama wima, gurudumu halina pa kwenda; tafuta habu (kitovu cha gurudumu) maalumu ambayo ekseli yake haikai katikati, au tafuta fremu nyingine. Usijaribu kuweka kikazio cha springi. Ukibana miguu kurudi nyuma ili kupunguza mwendo, upande wa chini wa cheni ndio unaovutwa, na kikazio chako kinang'oka.

Upana nao upimwe. Habu ya fiksi kwa kawaida ni milimita 120. Fremu iliyotengenezwa kwa gia 6 au 7 za nyuma huwa na milimita 126, na ya gia 8 kwenda juu milimita 130. Kwenye 126 ongeza washa (vibati vya duara vya kujazia) za milimita 3 kila upande, kwenye 130 milimita 5 kila upande, na hakikisha ekseli bado inatosha kuijaza nati yote. Kuibana fremu kwa nguvu ya nati mpaka ije si kipimo, hasa kama fremu ni ya alumini.

Sasa habu yenyewe. Habu halisi ya fiksi ina hesi (mikato ya kufungia kama ya skrubu) mbili zilizofuatana. Gia, yaani gurudumu dogo la meno, hufungwa kwenye hesi ya kulia, inayokaza ukizungusha kulia. Nje yake inakaa ringi ya kufungia yenye kipenyo kidogo zaidi, na hesi yake ni ya kushoto, inayokaza ukizungusha kushoto. Ukibana miguu kurudi nyuma, gia inataka kufunguka. Ikisogea kidogo tu inaisukuma ringi, na ringi, kwa kuwa imekatwa kushoto, inazidi kukaza. Siri yote ya fiksi iko hapo.

Hesi ya habu ya friwili ya zamani ni sawasawa na hesi ya gia ya fiksi, inchi 1.37 yenye mizunguko 24 kwa inchi. Gia inaingia vizuri kabisa, na mtu anadhani amemaliza. Anachukua ringi ya kufungia ekseli ya kranki (mikono ya pedeli), anaifunga juu yake, anatia gundi ya boliti. Ringi hiyo ni ya hesi ya kulia kama gia yenyewe, kwa hiyo vyote viwili vinafunguka pamoja siku utakayobana miguu kwa nguvu ukiteremka mlima. Gundi si breki. Mwenye habu ya namna hiyo asiondoe breki hata moja, ya mbele wala ya nyuma.

Kufunga kwenyewe: paka grisi kwenye hesi, kaza gia kwa spana ya cheni, kisha ringi kwa spana ya ndoano. Panda kilima kifupi ukiwa umesimama juu ya pedeli, shuka, kaza ringi tena. Mara nyingi itakubali kuzunguka kidogo zaidi, kwa sababu miguu yako imeikaza gia kuliko mikono ilivyoweza.

Cheni iende mstari mmoja ulionyooka, karibu milimita 42 kutoka katikati ya fremu, mbele na nyuma. Kwenye kranki ya gia mbili, nafasi ya ndani ndiyo inayokaribia kipimo hicho mara nyingi. Boliti za gia mbili ni ndefu mno kwa gia moja, zitagota kabla hazijabana, tafuta fupi. Cheni pana ya inchi 1/8 itapita kwenye meno membamba ya 3/32, lakini nyembamba haitapita kwenye meno mapana. Iache icheze kama sentimeta moja katikati, juu na chini, na zungusha kranki mzunguko mzima ukiitazama, kwa sababu gia ya mbele haikai katikati sawasawa. Ikikaza sana mahali fulani, legeza boliti zake, igonge taratibu, kaza tena. Cheni iliyolegea huruka, na kwenye fiksi cheni ikiruka inaweza kukwamisha gurudumu ukiwa kwenye mwendo.

Kuhusu meno, 46 mbele na 17 nyuma ni mwanzo mzuri. Wanaopenda kuburuza gurudumu, yaani kulikwamisha kwa miguu ili lisimame likiteleza, waepuke 48 kwa 16. Hesabu hiyo inagawanyika kamili mara 3, kwa hiyo mguu uleule ukiwa mbele tairi litalika palepale kila mara. Kwa 46 na 17 kuna sehemu 17 za kulika kwa zamu.

Ndipo tunafika kwenye usukani, na hapa naomba tukubaliane kuwa breki ya mbele inabaki. Ikibaki, mkono wa breki ndio unaochagua usukani. Bomba la pembe za kondoo lina kipenyo cha milimita 23.8 pale mkono wa breki unapofungwa. Usukani ulionyooka una 22.2. Mikono ya breki ya aina hizo mbili haibadilishani. Tena mkono uliotengenezwa kwa breki ndefu za baiskeli za milimani huvuta waya mwingi kuliko breki ya baiskeli ya mashindano inavyotaka. Ukiubana unahisi mgumu kama ubao, na baiskeli haisimami.

Fremu ya mashindano ilipimwa kwa mikono inayofika mbele, juu ya pembe za kondoo. Ukifunga usukani ulionyooka, mikono inarudi nyuma na unakaa kama umekunjwa. Utahitaji shingo (kipande kinachoushika usukani) ndefu zaidi. Pembe za ng'ombe huilinda nafasi ile ya mbele, na unaweza kuzipata kwa kukata pembe za kondoo chini ya mpindo na kuzigeuza juu chini. Piga tupa ncha, ziba kwa vifuniko, kwa sababu bomba wazi hukata nyama kama kisu. Ila breki iende huko kwenye ncha mikono inakokaa, isibaki karibu na shingo. Usukani wa alumini wenye mkwaruzo mzito au alama ya kupinda, utupe.

Pima pia kipenyo cha usukani pale shingo inaposhika: milimita 25.4, 26.0 na 31.8 hazichanganyiki. Bomba la 25.4 kwenye shingo ya 26.0 litaonekana limebana, kisha litajigeuza siku utakaposimama kupanda mlima. Na shingo ya zamani inayoingia ndani ya uma (sehemu inayoshika gurudumu la mbele) ina mstari uliochorwa wa mwisho wa kuinua. Mstari huo usionekane nje.

Fundi baiskeli