Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika tamthilia ya Dallington

Wanangu wa vikundi vya maigizo vya Kampala, Jinja na Arua,

Poleni na kazi. Mmefanya vizuri kumchagua Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa na wamisionari Unguja, akafika Buganda mwaka 1875 akiwa mtumishi wa Henry Morton Stanley, mpelelezi wa Kizungu. Stanley akaondoka, yeye akaachwa kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, amsomee Biblia.

Ila jihadharini na mabwana, maana hunyang'anya jukwaa. Stanley mkimpa nafasi ataongea mpaka pazia lishuke. Mtoeni ndani ya dakika 15 za mwanzo. Mutesa abaki, lakini mara nyingi tumsikie tu akiita kutoka ndani, huku sisi tukimtazama Dallington akiwa kazini. Hotuba za kujieleza mfuteni zote. Mtumishi hajielezi, anaitika.

Utamu wote uko kwenye barua za Mutesa. Mutesa alijua Kiswahili. Dallington ndiye aliyeandika kwa Kiingereza, tena Kiingereza chake cha kuungaunga. Basi Kabaka atamke, kijana aandike huku akijisomea kwa sauti, na hadhira isikie palipopunguka na palipoongezwa. Hapo ndipo mtumishi ana nguvu kuliko mfalme. Kuna mtego: ukurasa wa mazungumzo huchukua kama dakika moja, lakini kila neno likisemwa mara mbili zinakuwa mbili, na watu wanaanza kukohoa. Rudieni sentensi tatu nne tu. Zilizobaki tuzielewe kwa jinsi kalamu inavyosita.

Mwaka 1876 alimwandikia Askofu Steere wa Zanzibar akiomba sala za Kiswahili, Biblia kubwa nyeusi, vibao vya kuandikia na chaki. Huyo ni mwalimu asiye na vifaa, kwa hiyo msimpangie darasa zuri. Mwacheni achore herufi vumbini kwa kidole, mtumishi mwingine apite na fagio.

Waislamu wa ikulu msiwafanye maadui wa sinema. Mutesa alikuwa akifunga Ramadhani miaka kadhaa kabla ya Stanley kufika, na Kiswahili cha Dallington ndicho kilekile cha wafanyabiashara wa pwani. Ugomvi wao ni wa watu wanaoelewana kila neno.

Mavazi: kanzu sawa, nguo za gome la mti wa mutuba sawa. Gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Kiganda, hapana! Ilikuja karne ya 20, na wazee watawacheka kabla hamjafungua mdomo.

Mlichobuni kipigieni mstari kwa penseli kwenye mswada, kisha mkiseme kwenye karatasi ya ukumbini. Mawazo ya Dallington buni mnavyotaka, tarehe msiziguse.

Igizo liishie tarehe 30 Juni 1877, wamisionari wa kwanza wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana) wanapofika kwa Mutesa. Wana vitabu vyao na kalamu zao. Msimpe Dallington neno la kuaga. Mmoja wao amkabidhi mzigo aubebe, taa zizimwe akiwa bado anatafuta pa kuuweka.

Mzee wenu